Wali wa Masera Pétronille

Katika shule nzima ya sekondari ya masista pale Masisi, Kijapani alikijua mtu mmoja na nusu. Mmoja ni Masera Pétronille, mtawa aliyeishi Japani kabla ya vita. Nusu ni Généreuse, binti wa wawindaji wa kijiji cha Ntoto. Wenzake walikuja kwenye somo la Jumamosi, wakacheka, wakachoka. Yeye alibaki. Alijifunza kupokea kikombe kwa mikono miwili, jambo ambalo koko yake, bibi mzaa mama, alishamfundisha kwa makofi. Tena kila alipoingia alisema "Tadaima", yaani nimerudi, na Masera akamjibu "Okaeri", karibu nyumbani. Bweni zima lilimwita mtu wa porini, kwa hiyo jibu lile alilipenda mno.

Mwaka wa mwisho, wakati diploma iko karibu, homa ilimchukua Masera. Kesho yake baada ya maziko, Généreuse aliomba wali jikoni, akaujaza bakulini, akasimamisha vijiti viwili vya kulia katikati, akauweka kaburini. Masera alikuwa amemsimulia kwamba huko Japani ndivyo wanavyowalisha wafu wao. Koko yake huweka ndizi. Hakuona tofauti, wala ubaya.

Mkuu wa shule, naye masera kama watawa wote pale, mwenye pua ya kunusa dhambi hata palipo na uvumba tu, akamwita.

"Hii mambo ya mashetani, ni nani alikufundisha? Kama njo Pétronille, nitaandikia Askofu, na jina yake tutaitosha, haitasomwa tena mu misa."

Généreuse akatazama sakafu. Ukweli ungemwacha shuleni, lakini Masera wake angelala bila hata sala ya kuombewa.

"Hapana, Masera. Njo desturi ya kwetu. Koko njo alinifundisha."

"Basi urudie mu pori yenu."

Alishuka milima na sanduku kichwani, mvua ikimpiga, akilia bila kujificha, hadi akaingia msitu wa Walikale. Kijijini Ntoto alimkuta mama yake akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mlangoni akavua viatu, akasimama miguu pamoja, kama alivyozoea kwa Masera.

"Tadaima," alisema, akangoja.

Mchi ukasimama.

"Unasema nini, Généreuse? Bamekufukuza?"

"Ndiyo, Mama."

Mama yake akasogea kumpisha. Généreuse akaweka sanduku chini, akapokea mchi kwa mikono miwili, akaanza kutwanga.