Geji za Boti ya Twalha

Zaina alipotoka eda, kitu cha kwanza alichokwenda kukitazama ni boti ya marehemu mumewe, Twalha. Aliikuta Kaole, imefungwa kwenye maji ya kiunoni, imepakwa rangi ya buluu nje na ndani mpaka chini ya viti. Kazi ya shemeji yake Sufiani hiyo, aliyoifanya miezi yote minne ili kumtuliza moyo.

Lakini geji zote zilikuwa zimekufa. Injini inawaka, ila mshale wa mafuta umelala, wa joto umelala, wa chaji hali kadhalika.

"Waya zimeoza, shemeji," alisema Sufiani. "Nimepata mnunuzi, anakuja baada ya alasiri. Mwachie aichukue. Hiyo safari yako ya Pangani utaifanyaje, hujui una mafuta kiasi gani?"

"Zimeoza zote siku moja? Ziliagana?"

Sufiani akacheka.

Zaina akakunja baibui, akapanda. Miaka kumi na mmoja alimshikia Twalha taa ya kupimia umeme, na mkono haukusahau. Alimwambia Sufiani afungue swichi. Akaitoa taa ile chini ya kiti, akabana upande wake mmoja kwenye hasi ya betri, ncha yake akaigusisha kwenye waya wa chanya nyuma ya geji. Ikawaka. Umeme unafika. Kisha akabana upande mmoja wa taa kwenye chanya, na ncha akaigusisha mahali waya nyeusi za geji zote zinapokutana. Giza.

Basi umeme unaingia, hauna pa kutokea.

Akalegeza nati. Chini ya waya, parafujo na bamba la shaba vilikuwa buluu tupu.

"Sufiani, ulizifungua hizi?"

"Nilizifungua nipake vizuri, nikazirudisha. Sikutaka libaki doa hata moja."

"Rangi haipitishi umeme, baba. Ningekaa eda mwezi mmoja zaidi, ungeipaka rangi hata petroli."

Alikwangua kwa msasa mpaka shaba ikaonyesha wekundu wake, akakaza. Sufiani akawasha. Mishale mitatu ikanyanyuka pamoja, wa mafuta ukasimama nusu. Machozi yakamtoka Zaina, mepesi, akayafuta kwa ncha ya mtandio huku akitabasamu.

Sufiani akatoa simu. "Kaka, usijisumbue kuja," alimwambia mnunuzi. "Haiuzwi. Ubovu ulikuwa mimi."

Zaina alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

"Fungua kamba," alisema. "Twende Mbegani tuijaribu, turudi kabla ya magharibi."