Asubuhi Mzee Addo Alipovua Glovu

Jumapili, tarehe 8 Juni 2025, jua likiwa halijachomoza vizuri juu ya Shelui, nilikuwa nimesimama juu ya benchi katika banda la video la jirani yetu Peniel, nimevaa nguo za kanisani, nikimpigia kelele mwanamume wa Ghana nisiyemfahamu: "Inuka, baba! Inuka!" Nami nilikuwa nimekwenda pale nikiomba aanguke.

Mwalimu Rahabu, anayetufundisha kusoma na kuandika sisi watu wazima nyuma ya kanisa, husema kwamba anayeandika jambo lililotokea aitaje siku yake, kisha asiwe na haraka. Basi sitakuwa na haraka.

Mume wangu Eliya aliendesha lori tangu ujana wake. Alibeba vitunguu na alizeti, na njia yake ilipita Sekenke, mlima ambao barabara yake hujikunja kama kamba iliyotupwa chini. Mwaka huo macho yake yalianza kufifia. Jioni moja ya Aprili, binti yetu Aneth akiwa ameketi upande wa utingo, msaidizi wa dereva, Eliya alimwona ng'ombe barabarani akadhani ni kivuli. Aneth akapiga ukelele, breki zikalia, ng'ombe akapita polepole bila hata kugeuza shingo. Nyumbani Eliya alilisimulia jambo lile kama kichekesho. Aneth hakucheka. Alikuwa na leseni ya magari makubwa, lakini baba yake hakuwahi kumwachia usukani mlimani. Daktari alipomshauri apumzike, Eliya alisema daktari haijui Sekenke. Niliposema mimi, alichukua redio yake akatoka nje.

Siku hizo Shelui nzima ilikuwa ikibishana juu ya pambano la ngumi, la marudiano, la uzito wa juu. Kwabena Addo wa Ghana, bingwa wa miaka mingi, alikuwa amepokonywa mkanda na Marek Dubin, kijana mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala. Sasa walikuwa wanarudiana, na ubishi wote ulifanyika kwenye kibanda changu cha chai.

"Addo ana miaka arobaini na moja," alisema Masanja, fundi wa matairi, Msukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Akalee wajukuu. Dubin atakaa na mkanda ule mpaka auchoke."

"Kwa kidevu kile?" Eliya akajibu. "Dubin akiguswa kidevu anatafuta pa kukaa. Addo anashinda, halafu anautetea mkanda mpaka mseme basi."

"Mikono sikatai. Lakini hukuona pambano la kwanza? Ngumi inakuja, mzee anaitazama kama mgeni aliyemsahau jina."

Watu wakaangua kicheko. Eliya akaweka kikombe chini. "Mla michembe ya viazi wewe, unajua nini kuhusu ngumi?"

"Najua kuziona zinapokuja, mla mlenda. Na wewe je, unaona?"

Kicheko kikakatika. Neno lile lingetoka kinywani mwangu, nyumba yetu ingekaa kimya juma zima. Lakini Eliya ni Mnyiramba, na Wanyiramba na Wasukuma ni watani, na neno la mtani halinuniwi. Anayenuna ameshindwa mbele ya watu. Ndiyo maana siku chache kabla nilikuwa nimekwenda kwenye karakana ya Masanja nikamwambia, "Shemeji, mimi nimeshindwa. Wewe ni mtani wake. Niseme nini tena?" Alifuta mikono yake, akasema, "Niachie huyo mla mlenda."

Sasa akasimama katikati ya kibanda. "Mnyiramba, tusikilizane. Mzee wako akipigwa, funguo za lori nachukua mimi, na nitakayempa ndiye atakayeendesha."

Eliya alitabasamu, kwa kuwa watu wote walikuwa wakimtazama. "Na akishinda?"

"Nakubeba mgongoni mpaka kanisani."

"Andaa mgongo."

Kwa hiyo nilijua vizuri nilichokwenda kuomba asubuhi ile ya Pentekoste. Banda lilijaa. Majirani zetu Waislamu walikuja na sinia la pilau lililobaki la Idi ya jana, tukala kwa mikono tukiwa tumekodolea macho luninga. Nikajiambia: aanguke mapema, asiumie, tukasali.

Raundi za mwanzo Dubin alimfukuza kila kona. Kisha akampiga ngumi ya ubavuni, na yule mzee akapiga goti moja, glovu moja sakafuni, akihema. Hapo sijui kilichonipata. Nilimwona amekaa kama Eliya anavyokaa kitandani alfajiri, kabla hajavaa viatu, akikusanya nguvu ambazo zamani hazikuhitaji kukusanywa. Nikajikuta juu ya benchi.

"Shemeji!" Masanja akanong'ona kwa mshangao. "Uko upande gani?"

"Niache!" nikamjibu. "Inuka, baba!"

Akainuka. Katika raundi iliyofuata alimwacha kijana arushe ngumi zake hewani, akasogea hatua ndogo tu, akamgusa kidevu kwa mkono wa kulia. Dubin akakaa chini kama mtu aliyekumbuka jambo. Mwamuzi akamaliza kuhesabu. Banda likalipuka, mabenchi yakapinduka, sinia likaruka, Eliya akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi yetu.

Kisha Addo akapewa kipaza sauti. Akavua glovu, akazilaza katikati ya ulingo, na mtangazaji akatutafsiria: "Leo nimeuona mkono wake umechelewa. Kesho ningechelewa mimi. Asanteni, nimemaliza."

Eliya aliachia mabega yangu.

Masanja, ambaye alikuwa ameshindwa, akaenda akainama mbele yake. "Panda, mla mlenda."

Akapanda. Tukavuka barabara kuu tukiimba, Aneth akiwa kati yetu, madereva wa malori wakipiga honi, Masanja akilalamika kwamba mlenda una uzito kuliko alivyodhani. Tulipofika lilipoegeshwa lori letu, Eliya akampigapiga begani.

"Nishushe hapa."

Akatoa funguo mfukoni, akazitazama kwa karibu sana, kama alivyozoea siku hizo kutazama kila kitu. "Aneth."

"Abee, baba."

"Kesho tuna mzigo wa kupandisha Sekenke. Usiingize gia ya juu kabla sijakwambia."

Aneth akazipokea kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Eliya akamgeukia Masanja. "Addo ameshuka akiwa bingwa. Mimi nimeshuka mgongoni kwa Msukuma. Nani kapata hasara?"

"Mgongo wangu," Masanja akajibu.

Jumatatu nilisimama nje ya kibanda nikalisikiliza lori likielekea Sekenke. Gia zilibadilishwa taratibu, bila pupa, na juu ya mngurumo nilisikia sauti ya mume wangu ikitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nikarudi ndani nikabandika chai.

Wewe uliyefika hapa, ukimfahamu mke wa dereva anayelala huku akiusikiliza mlima, mfikishie habari hii. Kama hajui kusoma, usimwachie karatasi. Kaa naye, umsomee.