Chupa ya Adeline

Kila asubuhi Thekla Voss alipika uji wa mahindi na molasi, akaumimina katika chupa za maziwa, akaziziba kwa pamba. Ndicho walichokula nzi wa matunda wa chuo kikuu, pale Indiana, na yeye alikuwa amewahudumia miaka kumi na mmoja. Aliwalaza kwa etha, akatenga majike na madume chini ya hadubini, na kabla kizazi kipya hakijatoka aliandika kwenye chupa, kwa penseli, kitakavyokuwa. Mama mwenye macho mekundu aliyerithi weupe uliofichika, na baba mwekundu: mabinti wote wekundu, nusu ya wana wa kiume weupe. Hakukosea sana.

Tangu Oktoba kulikuwa na badiliko moja. Mjamzito akiketi karibu na chupa, chupa hiyo ilitoa nzi mmoja tu, naye alionyesha mtoto atakavyokuwa: jinsia yake, na kwa macho meupe, ugonjwa uliofichika katika damu ya mama. Mke wa mhasibu alipata jike, akajifungua binti. Profesa Pruitt, mkuu wa maabara, aliagiza kiti chenye mto, akachora jedwali jipya.

Adeline, mdogo wake Thekla na mke wa Orville, alikuja Januari na mimba ya miezi saba, theluji ingali kwenye viatu vyake. Kaka yao Rupert aling'olewa jino akiwa na miaka tisa, akatoka damu siku sita, wakamzika. Mjomba wao alikuwa amekufa vivyo hivyo.

"Ungebaki nyumbani tu," Thekla alisema.

"Nibaki nifanye nini? Orville keshaanza kuchonga kitanda cha mtoto. Niache nijue."

Alikaa. Baada ya robo saa nzi alipasua ganda lake, akapanda ukuta wa chupa, akakausha mabawa. Thekla alimchungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Dume."

"Na macho?"

Adeline alimsukuma kwa kiwiko, akainama mwenyewe. Macho yalikuwa meupe.

"Jaribu chupa ile pale, dada."

Walijaribu chupa nane. Zote zilitoa dume mweupe.

"Si wewe unayewapandisha? Miaka yote hii hujajua hata kuwabadilisha?"

"Najua kuwahesabu tu, mdogo wangu."

Profesa Pruitt aliingia, akatazama, akaandika. "Hongera, bibi. Inalingana kabisa na makadirio yetu. Ila mtoto mmoja hathibitishi ile nusu ya wana. Wangepatikana wanne hivi, ingekuwa vizuri sana."

"Wanne?"

"Wa kiume," alisema kwa upole.

Lowell alizaliwa Machi. Mama mkwe wa Adeline alisema damu hiyo imetoka kwa akina Voss, na hapo hakukosea. Orville alizungushia kitambaa miguu ya meza na pembe za jiko. Hata hivyo, mtoto alipoanza kutambaa, magoti yalivimba yakawa ya buluu, naye akalia mpaka sauti ikamkauka. Kila Jumapili Thekla alikwenda kumshika ili mama yake alale kwa saa mbili.

Mwaka uliofuata Profesa alichapisha jedwali lake. Katika safu ya Adeline kulikuwa na alama moja, na chini yake nafasi tatu tupu. Alimwuliza Thekla, kwa heshima, kama mdogo wake ana habari yoyote mpya.

"Hana, Profesa."

"Mwambie hakuna haraka," alisema.