Watu Wako na Watu Wangu

Mpiga picha alikuwa mtu wa domo, tena domo lenyewe la kuudhi, lakini tangu amzike mkewe miezi saba iliyopita maneno yalimkauka. Siku nzima pale studioni alisema "inua kidevu" na "usicheke, hii ni ya pasipoti", basi. Akirudi nyumbani hata hilo la kidevu hakuwa na wa kumwambia.

Lilibaki jambo moja tu la kungojea. Zile kampuni mbili za kamera zinazooneana gere miaka nenda rudi zilikuwa zimetangaza kutoa kamera mpya wiki moja, moja Jumanne, nyingine Alhamisi. Na kamera mpya zikitoka, shemeji yake huja.

Shemeji huyo, kaka wa marehemu, alikuwa fundi wa kamera, na kampuni moja aliishabikia kama wenzake wanavyoshabikia timu ya mpira. Mpiga picha alikuwa wa ile nyingine. Majina hawakuyataja kamwe; ilikuwa "watu wako" na "watu wangu". Kila toleo, kila mmoja aliazima kamera ya watu wake dukani, mke akaketi kwenye stuli ya studio, wakampiga picha kwa zamu, wakazichapisha bila alama yoyote, naye akachagua iliyo nzuri. Miaka kumi na tisa! Aliyeshindwa alinuna mpaka toleo jingine, mtu mzima na ndevu zake. Lakini tangu mazishi, shemeji hakuwa amekanyaga pale.

Ijumaa mchana alikuja, amekonda, kamera shingoni.

"Watu wako safari hii wamechemsha," alisema akiwa mlangoni, hata salamu hakuna. "Betri ni ile ile ya mwaka juzi."

"Na watu wako wametoa kamera au tofali? Hebu nipe nipime uzito."

Mpiga picha alisikia raha mpaka kifua kikamuuma. Akaona haya kuionyesha, akajitia kufuta lenzi.

Wakawasha taa, wakapima umbali, kila mtu akasimama mahali pake pa siku zote na kuinua kamera. Mikono ilikuwa imezoea, wao wakaifuata tu. Kamera za siku hizi hutafuta jicho la mtu zenyewe. Kiboksi cha kijani kwenye kioo kikiliona, hunata hapo. Kiboksi kilipita juu ya stuli tupu, kikaenda ukutani, kikarudi kwenye stuli.

"Yangu haioni kitu," alisema shemeji.

"Na yangu."

Mwishowe shemeji akashusha yake.

"Nimekuja kukuaga pia. Karakana nimefunga. Kamera hizi zikiharibika watu wananunua nyingine, nani atanitafuta? Binti yangu ameniita nikakae kwake. Basi linaondoka saa kumi."

"Saa kumi ya leo?"

"Ya leo."

Mpiga picha alitaka kumwambia asiende, kwamba hana mtu mwingine. Kilichomtoka ni hiki: "Mshindi hajapatikana. Kaa wewe."

"Mimi? Sijapigwa picha tangu harusi yenu."

"Kaa bwana, acha maringo."

Shemeji akaketi. Kiboksi kikarukia jicho lake la kushoto, na mpiga picha akaona kope imelegea kidogo, vile vile kama ya mkewe. Miaka yote hiyo alibishana na mtu huyu na hakuwahi kumtazama vizuri. Akabonyeza. Kamera haikutoa mlio wowote, ndivyo zilivyo hizi mpya.

"Tayari?"

"Bado. Tulia."

Akabonyeza tena, na tena.

"Tayari?"

"Mwanga haujakaa sawa."

Mwanga ulikuwa umekaa sawa kabisa. Alibonyeza huku machozi yakimlowesha shavu nyuma ya kamera, na saa ya ukutani ikasogea hadi tisa na robo. Lakini shemeji alikuwa fundi wa miaka mingi, na kamera ya kimya si ya kumdanganyia yeye.

"Umefika ya ngapi?" aliuliza, kidevu hakitikisiki.

Mpiga picha akatazama namba. "Arobaini na moja."

"Piga mpaka mia," alisema shemeji, "halafu unisindikize."

Mpiga picha akaanza kubonyeza polepole.