Pumzi Nne kwenye Darubini

Maandishi mekundu kwenye rimoti ya darubini yalimwagiza Nyamhanga kitu kimoja tu: aangalie ndani, aisogeze nyota ya Sirius hadi katikati, kisha abonyeze kitufe. Mtoto wa darasa la nne angeweza. Nyamhanga alisimama pale uwanjani, kidole juu ya kitufe, na hakuinama.

"Kuna shida?" aliuliza Madam Liz, mwalimu mkuu, kutoka kwenye viti vya wazazi.

"Hakuna, Madam. Inapata moto kwanza."

Darubini haipati moto kwanza. Mayaka, mwalimu wa fizikia, alijua hivyo vizuri, lakini alijikohoza tu.

Nyamhanga hakuwa mwalimu. Alikuwa fundi wa maabara katika shule hiyo ya kutwa iliyokaa juu ya mwinuko, ikitazama ghuba ya Karungu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameosha mirija ya majaribio, akapima asidi tone kwa tone na kuhesabu viwembe vya kupasulia vyura ili kisitoke hata kimoja mfukoni mwa mtu. Wazazi walimwita Mwalimu, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Darubini hii ya kompyuta ilipoletwa, zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliye ng'ambo, Madam Liz alimkabidhi yeye mbele ya walimu wote. "Mwenye mkono mtulivu hapa ni huyu," alisema. Sentensi hiyo Nyamhanga aliilalia siku nne kama mto wa sufi.

Ndio huo mkono uliomwaibisha asubuhi ya leo.

Kitabu cha maelekezo kilisema kile kidarubini kidogo cha kutafutia nyota, kilichofungwa ubavuni mwa kubwa, kilinganishwe mchana. Chagua kitu kilicho mbali, kikae katikati ya kubwa, halafu ukaze skrubu za kidogo hadi vyote viwili vione kitu hicho hicho. Nyamhanga alichagua mlingoti wa simu ulio ng'ambo ya ghuba. Ilikuwa saa moja na nusu, kabla ya kengele. Alikiacha kidole kwenye kitufe cha kushuka muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, mota ikanguruma, na badala ya mlingoti akaona matete. Nyuma ya matete, mahali ambapo mtu aliye ufuoni hawezi kuona, mwanamke alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, anaoga.

Picha ilikuwa na ukungu. Hapo ndipo mtu mwenye heshima zake angeondoa jicho, na kama angeliondoa, lingebaki jambo la bahati mbaya tu. Lakini mkono wake ulikwenda kwenye skrubu ya kulenga ukaizungusha mpaka picha ikatulia. Jicho unaweza kulitetea. Mkono utautetea kwa maneno gani?

Alikuwa Eucabeth, mama yake Sheila wa kidato cha tatu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Upande mmoja wa kifua chake haukuwa na titi. Palikuwa bapa, na kovu refu limepita kutoka kwapani. Alikuwa akipaosha mahali hapo kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama imepoa.

Nyamhanga aliangalia kwa pumzi nne. Alizihesabu baadaye, alipokuwa amejifungia maabara na mgongo umeegemea mlango, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Huyu si mwanamke mwingine yeyote. Alipofika Karungu akiwa kijana kutoka Kegonga, hajui Kijaluo hata cha kuombea maji, Eucabeth ndiye aliyemkopea kitanda na kumfundisha jinsi ya kuanika omena zisinuke. Hadi leo alimwita omera, ndugu. Mwaka jana alipotoweka miezi mitano, alisema alikwenda Kisumu kumsaidia dada yake aliyejifungua. Aliporudi alikuwa na mazoea mapya: leso begani wakati wote, imeshuka kifuani, hata jua likiwa kali namna gani. Watu walimtania kwamba amerudi na mapozi ya mjini, naye akacheka pamoja nao. Na sasa siri aliyoibeba kwa kicheko hicho chote alikuwa ameiona mtu asiyeruhusiwa.

"Mwalimu, tueleze kitu basi tukingoja," mzazi mmoja aliomba.

Nyamhanga alishukuru kupata la kusema. "Mtakachoona humu kimegeuka," alisema. "Ndani kuna kioo. Cha kulia kinaonekana kushoto, cha kushoto kinaonekana kulia. Msishangae."

"Kwa hivyo ukiangalia mtu na hiyo kitu," sauti ilitoka safu ya pili, "mkono yake ya kulia ni kama ya kushoto?"

Ilikuwa sauti ya Eucabeth. Aliuliza kwa furaha, kama mwanafunzi. Nyamhanga alihisi uso unamwaka, akashukuru giza.

"Ndiyo, Mama Sheila. Hata mtu."

Aligeukia rimoti haraka. Hakuweza kuweka jicho pale. Lenzi ilikuwa bado na pumzi zake nne. Basi alifanya ambalo angemchapa kofi mwanafunzi kwa kulifanya: alikisia. Aliielekeza darubini kwenye Sirius kwa macho matupu, akabonyeza. Mashine ikahamia kwenye nyota ya pili, Canopus, upande wa kusini. Akakisia tena, akabonyeza. Mashine ikamwamini, ikasema iko tayari. Akaiagiza Mshtarii, sayari waliyoahidiwa wazazi, nayo ikazunguka kwa fahari na kusimama.

Mzee Oyaro, mwenyekiti wa wazazi, aliinama wa kwanza. Alikaa sana.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "mimi naona giza. Na giza hata kwangu iko, sikuwa na haja ya kupanda huu mlima."

Watu walicheka hadi mwingine akashika mbavu. Madam Liz hakucheka. "Nyamhanga," alisema kwa sauti ya chini, "umeangalia kweli?"

"Sijaangalia, Madam. Naomba nianze upya."

Alipiga moyo konde, akainama. Mwanzo hakuona ila kope zake mwenyewe. Kisha Sirius ikajitokeza pembeni, nyeupe, ikitetemeka. Aliisogeza kwa vitufe, kidogo, kidogo tena, mpaka ikakaa katikati. Ilimbidi aguse skrubu ya kulenga, ile ile, na vidole vilikuwa na jasho. Canopus nayo akaipeleka katikati. Safari hii alipoagiza Mshtarii, sayari ilikuja yenyewe, duara dogo lenye mikanda, na miezi minne imejipanga kwenye mstari mmoja.

"Eh! Ero, ile pale!" alipiga ukelele Mzee Oyaro. "Sasa hii ndiyo mambo!"

Foleni ikatengenezwa. Nyamhanga alijitenga hatua chache, akiwa amelowa shati mgongoni. Ndipo akamwona Eucabeth akitoka jikoni na jerikeni ya uji wa wageni, lita ishirini, ameinamia upande mmoja kwa uzito, leso inaburura.

Dada yake Nyamhanga kule Kegonga alikatwa titi vilevile. Daktari alimkataza kuinua kitu kizito kwa mkono wa upande huo maisha yake yote. Siku aliyobeba ndoo, mkono ulivimba kama gogo. Nyamhanga hakufikiri. Alikimbia.

"Mama Sheila, weka chini! Utaumiza mkono wako wa kushoto. Nipe mimi."

Eucabeth aliitua jerikeni. Alimtazama, na hapo Nyamhanga akasikia alichotamka yeye mwenyewe.

"Nani amekuambia mimi na shida ya mkono?"

"Ni... nilidhani tu, umechoka."

"Wa kushoto hauna shida. Ndio maana nimebebea huo." Aligusa leso kifuani, upande wa kulia. Kisha akaigeukia darubini. Akatazama chini, kule ambako mchana mtu angeyaona matete, akairudia darubini tena. "Ni wa kulia, omera."

Dakika chache zilizopita Nyamhanga ndiye aliyewaeleza wengine juu ya kioo. Alichokiona mwenyewe hakukumbuka kukigeuza.

Angeweza kusema jambo. Nyumba jirani zina midomo, Kisumu kuna watu wa Karungu, angeweza kusema alisikia.

"Nilikuwa natafuta ule mlingoti," alisema. "Nikakuona. Ningetoa jicho. Sikutoa. Nilizungusha skrubu nikaona vizuri."

Foleni ilikuwa inacheka kitu fulani. Eucabeth hakutikisika.

"Umeambia nani?"

"Hakuna. Hata Mungu sijamwambia."

"Dada yangu alinilea miezi tano, sikumwacha aone. Nilikuwa najifungia nikibadilisha bandeji." Sauti yake haikupanda. "Hata Sheila. Mtoto wangu wa tumbo, Nyamhanga."

Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwita kwa jina hilo kavu. Nyamhanga aliinamisha kichwa. Alitaka kuomba msamaha, lakini kila neno alilolipata lilikuwa jepesi mno, akaona afadhali asimpe chochote kuliko kumpa hicho.

"Beba uji," Eucabeth alisema. "Watu wana njaa."

Akabeba. Eucabeth aligawa vikombe kwa mkono wa kushoto, akiwatania wazee kama kawaida. Zamu yake ilipofika aliinama kwenye darubini, akaiangalia Mshtarii kuliko wote, na hakusema alichokiona. Nyamhanga alikuwa amegeuka, anautazama ukuta wa choo cha wavulana.

Wazazi waliteremka wakiwa na tochi za simu, wakibishana kama miezi ilikuwa minne au mitatu. Madam Liz alimpigapiga Nyamhanga begani akamwambia ameokoa siku. Alipogeuka ili aanze kufungua mashine, Eucabeth alikuwa bado pale.

Aliivua leso. Hakuangalia kama kuna mtu. Aliikunja mara mbili, akauvika mdomo wa darubini, akaifunga fundo kwa nguvu, akisaidia kwa meno kwa sababu mkono wa kulia haukuweza kuvuta. Kisha akashuka njia ya ufuoni na blauzi yake nyembamba, upande mmoja umejaa, upande mmoja bapa, wala hakukunja mikono kifuani.

Nyamhanga alitaka kumwita amrudishie. Hakujua amwite nani, Mama Sheila au jina gani tena. Alishika fundo, akaliachia. Hakuona kama ni lake kulifungua.

Hakuzima umeme. Chini ya leso mota iliendelea kunguruma taratibu, ikigeuza darubini kwa subira, ikiifuata sayari ambayo hakuna aliyekuwa akiiangalia.