E Yenye Unyoya

Mwanangu ni fundi wa mabango. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo harufu ya rangi huingia mpaka kwenye mito ya kulalia, nami nikiwa kwenye kiti changu cha dirishani namwona kila anayeingia na kutoka.

Katika kazi yake kuna jambo moja ambalo mtu hawezi kulifanya peke yake. Kabla ya kuandikwa herufi hata moja, ubao hupigwa uzi. Uzi unapakwa chaki ya buluu, mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, wanauvuta mpaka ukaze, halafu fundi anaunyanyua kidogo na kuuachia. Pah! Mstari umelala ubaoni, umenyooka.

Ncha ya pili ilikuwa ya mkwe wangu tangu alipoolewa. Hakuna aliyempangia. Alitoka jikoni siku moja anafuta mikono, akamkuta mumewe anahangaika na uzi, akaushika, basi ikawa kazi yake. Walikuwa wakipiga mistari bila kusemezana, wanatazamana tu, na mimi nilipenda sana kuwaangalia.

Kisha akaja mwalimu wa lugha. Mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka, aliyekuwa anafungua shule yake mtaa wa nyuma. Alitaka bango lenye neno moja kutoka kila lugha atakayofundisha, yote kwa herufi kubwa. Mwanangu akapima, akapiga uzi na mkewe, akaandika. Bango likapendeza kweli. Mwalimu alipokuja kuliona alilisifu kwanza, ndipo akauliza kwa upole, "Fundi, na zile alama za juu ya herufi zitakaa wapi?"

Hapakuwa na pa kukaa. Lugha yetu haivishi irabu kitu chochote kichwani, kwa hiyo mwanangu alikuwa amepanga safu zake kama alivyozoea, zimebanana kama watu kwenye benchi la zahanati. Zile alama aliziona, lakini alidhani ni vitu vya kuchomeka mwishoni.

Mtu mwingine angefoka. Mwalimu alisema, "Kosa ni langu, sikukueleza." Nililiweka neno hilo moyoni. Halafu akageuza ndoo tupu ya rangi, akaikalia, akaanza kueleza kuhusu e yenye kistari kilichoinama juu yake, ambacho mimi nilikiita unyoya, na jina likashika.

Kwa Kifaransa, alisema, unyoya unaiambia midomo isifunguke sana. Kwa Kihispania unaonyesha pa kukazia sauti. Kwa Kihungari irabu inavutwa, inakuwa ndefu. Na kwa Kiyoruba sauti inapanda juu, kama mtu anayepanda ngazi.

"Kumbe ni herufi ile ile," mwanangu akasema, "lakini kila nyumba inaituma kazi yake!"

"Umesema vizuri kuliko mimi."

Mwanangu akaanza kujaribu. E. Eee. É! Mwalimu akacheka, naye akacheka. Nilipogeuka nikamwona mkwe wangu amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini taratibu, akaondoka bila kumimina.

Tangu siku hiyo hatukula kwa raha.

"Mwalimu anasema Wareno wana e yenye unyoya na nyingine yenye kofia," mwanangu anaanza.

"Na amesema ule kabla chakula hakijapoa?" mkewe anamjibu.

"Mwalimu anasema kuna lugha ambayo—"

"Mwambie Mwalimu aje akuoshee sahani."

Mwanangu aliona ni utani. Wanaume wengine ukiwawashia taa watauliza kwa nini kuna mwanga.

Nikamfuata mkwe wangu jikoni. Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Mama, mwanao amepata mke mwenzangu."

"Kwa sababu ya e?"

"Ndiyo, kwa sababu ya e!" Akaiachia sufuria. "Wangekuwa wanashikana mikono ningejua la kufanya. Mimi miaka yote nashika uzi wake. Lini amenieleza hata herufi moja? Mimi ni wa kushika tu. Msumari nao ungeshika. Yule amekuja juzi, anaelezwa, anaulizwa, anachekewa. Bango hili likiisha naenda kwa dada yangu, na sirudi."

Begi lake lilikuwa tayari limetolewa juu ya kabati, nililiona. Sikumwambia kuwa anakosea. Na mimi pia, mwanangu alipokuwa akimaliza hadithi zake zote kwa huyo mwalimu na kunipitia dirishani bila neno, moyo ulikuwa unanichoma kidogo. Nilichukua kitambaa nikakausha sufuria.

Ubao ulipakwa rangi nyeupe upya. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumamosi, na mistari ilikuwa haijapigwa. Mwanangu akaita kutoka karakana, "Njoo tupige uzi!"

"Nina kazi," mkewe akajibu.

Akangoja. Akaita tena. Na kama bahati mbaya ilivyo, Mwalimu akapita kuangalia kazi inavyokwenda, akamkuta amesimama na uzi kama mvuvi asiye na samaki. "Lete nikusaidie, Fundi," akasema, akashika ncha ya pili.

Mkwe wangu akatoka jikoni. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye vidole vya Mwalimu, vilivyokuwa vimeshapakaa chaki ya buluu.

"Umekaa vizuri hapo, Mwalimu? Tukuletee na mto?"

Mwalimu alitabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kwenda. Mwanangu, kwa haraka ya kuyamaliza, akaunyanyua uzi na kuuachia. Pah. Mstari ukatokea umelegea katikati, umepinda kama kamba ya kuanikia nguo.

Mkwe wangu aliuangalia ule mstari. Nafikiri angeweza kumvumilia yule mwanamke, lakini mstari ule hakuuweza. Alichukua kitambaa chenye maji, akaufuta wote.

"Huo uzi unaubembeleza," alimwambia Mwalimu. "Unatakiwa uukandamize kwa dole gumba. Lete."

Mwalimu akamkabidhi mara moja na kurudi nyuma. "Nisamehe, dada. Sikujua kuwa hapa ni mahali pako."

Mkwe wangu alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa neno kama hilo. Akavuta uzi. Pah! Ukalala sawasawa. Wakahamia safu ya pili, na hapo akagoma, ameshika uzi hewani.

"Mbona hapa juu unaacha nafasi kubwa hivi?"

"Ni ya manyoya," mwanangu akasema.

"Najua ni ya manyoya. Yanafanya nini? Nieleze na mimi, nina masikio."

"Nilidhani hupendi mambo hayo."

"Uliniuliza lini?"

Mwanangu akatazama chaki, akatazama dari. "Sikukuuliza," akasema. Akaanza kueleza, lakini kwa hofu akachanganya mambo, akawapa Wahungari ngazi ya Wayoruba.

"Hapana," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Wahungari wanavuta."

"Wanavuta vipi?" mkwe wangu akamgeukia.

"Ééé. Hivi."

"Ééé. Sasa mtoto wao akilia, watajuaje kama analia au anasoma?"

Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. Mkwe wangu hakutaka kucheka, lakini akacheka pia, huku bado amemkazia jicho. "Kesho uje asubuhi unionyeshe yote," akamwambia. "Manyoya nitayachora mimi, nina mkono mwepesi kuliko huyu. Lakini uzi usiuguse tena."

"Siugusi."

"Na Waitalia?"

Wakasogea kwenye karatasi ya maneno, vichwa pamoja. Ncha ya uzi wakaitundika kwenye msumari.

"Jamani, tuendelee na kazi," mwanangu akasema.

"Subiri, tunaongea."

Akasimama pale na ncha yake. Baadaye akaja kukaa karibu yangu dirishani, mashavu yamejaa kama ya mtoto aliyenyimwa zamu.

"Mama, wanasema nini kule?"

"Kawaulize."

"Wananiambia nisubiri."

"Basi subiri, mwanangu," nikamwambia, nikamsogezea kikombe.