Mti wa Kahawa Uliopigwa Brashi

Panya? Wapi! Hata watu wa nyumba ile, harufu ilipowapata, walianzia hapohapo kwenye panya. Siku tatu nzima makochi yamevutwa katikati ya sebule, kabati limegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyekosa adabu, na shemeji mtu amelala kifudifudi, tochi mdomoni, anachungulia chini ya friji. Panya hakuonekana. Harufu ikabaki.

Na harufu yenyewe, msiniambie niieleze sana, maana na nyinyi mtakula baadaye. Ilikuwa maziwa yaliyosahaulika, na samaki, na kitambaa cha kudekia kilicholala na maji yake wiki nzima, vyote vimekaa kikao. Ukiingia mlangoni inakupokea. Ukitoka inakusindikiza mpaka kwenye ngazi.

Aliyechafukwa roho kuliko wote ni mwenye nyumba, mzee fundi viatu. Watu walimwita Fundi tu, hata mkewe. Na kuchafukwa huko kulimshangaza mwenyewe. Mtu kashika viatu vya watu miaka arobaini na mbili mpaka akastaafu! Kachomoa soli zilizooza kwa jasho, kakuta soksi ya mtu imeganda humo ndani imekuwa sehemu ya kiatu, na ikifika saa saba mchana ananawa mikono, anakula, hana habari. Leo yuko kwake, kwenye kiti chake, na chai inamgomea kooni.

"Shemeji, huyu si panya," akasema. "Pua yangu hii ni ya kazi. Hii harufu ina sukari ndani yake."

"Kama ina sukari tuinywe basi," akajibu shemeji kutoka chini ya friji.

Shemeji huyo ni mdogo wake mke wa Fundi. Alikuja kukaa wiki mbili, na huu ulikuwa mwaka wa nne. Walimbandika jina la Kijiko, kwa sababu hakuna chungu asichokikoroga.

Ijumaa, makochi yamesharudishwa mahali pake, mkamwana wa Fundi, mke wa mtoto wake dereva wa malori, akatoka jikoni na ufagio, akapiga kelele: "Baba, usikae hapo!"

Keshakaa. Akajaribu kuinuka, na mto wa kochi ukainuka naye. Umemganda makalioni kama ndugu aliyekosa nauli. Wakamvuta huku na huku, suruali ikatoa mlio wa kuchanika, ndipo mto ukaachia. Fundi akaugusa kwa kidole. Unanata. Akanusa kidole, akajuta. Halafu tone moja likamdondokea kwenye upara, taratibu, kama limepimwa.

Wote watatu wakainua macho. Juu ya kochi, kwenye chungu chake juu ya stuli, ulisimama mti wa kahawa.

Sasa hapo lazima mjue kidogo. Mti ule ulikuwa wa mke wa Fundi. Mama yule kachambua kahawa ghalani miaka ishirini na mbili, amekaa mbele ya meza ndefu na wanawake wenzake, mbovu huku, nzima kule, mpaka vidole vikapinda. Magunia kwa magunia. Na katika miaka yote hiyo hajawahi kuuona mti wenyewe, wala tunda likiwa jekundu mtini. Yeye kahawa aliijua imeshavuliwa nguo. Siku ya kustaafu akafunga punje chache pindoni mwa nguo, zile zenye ganda bado, akazipanda kwenye kopo la rangi. Ikaota moja. Akailea miaka saba, pale sebuleni, karibu na dirisha lakini jua lisiuchome, mpaka ukamfikia mabegani. Mwaka huo ukatoa maua meupe, na maua yakaacha matunda tisa. Tisa! Aliyahesabu kila asubuhi kabla hajasalimia mtu.

Halafu binti yao akajifungua mapacha, mama akaenda kulea. Miezi mitatu. Mlangoni, begi kichwani, akamwambia Fundi: "Maji kikombe kimoja, udongo ukikauka juu. Vumbi ufute kwa kitambaa na maji. Basi. Usinifanyie ufundi hapo. Nataka nije nikute hata moja limeiva, nilione kwa macho yangu kabla sijafa."

"Mke wangu, mti tu huo."

"Ndiyo maana nasema."

Na sasa mama anarudi Jumapili, saa sita.

Fundi akapanda juu ya kochi, akageuza jani moja. Afadhali angeliacha. Upande wa chini jani lote limejaa vidudu vyeupe vyenye manyoya kama pamba, vimebanana, vinapumua. Pembeni yao vigamba vya kahawia kama vidonda vikavu. Akakibonyeza kimoja kwa kucha, kikapasuka, kikatoa maji ya rangi ya chungwa. Ule unato wote, wa kochi, wa mto, wa upara, ulikuwa unatoka kwenye makalio ya vidudu vile.

"Kwa hiyo wiki yote tunakalia mavi," akasema Kijiko.

Mkamwana akakimbilia bafuni. Fundi akateremka polepole, akaenda kwenye kikombe chake cha chai, akachungulia. Vinzi viwili vyeusi vinaelea, na kidudu kimoja cha pamba. Kikombe kilikuwa nusu. Ile nusu nyingine alishainywa.

Basi ikaanza kesi.

"Nani anamwaga vitu kwenye chungu?" akauliza Fundi, kwa sauti ya hakimu.

Kijiko akajikuna shingo. "Mimi… shemeji, mimi nilikuwa naupa machicha ya kahawa yangu ya asubuhi. Si ndugu zake? Nikasema usijisikie mpweke."

"Na chai je?"

"Chai ile iliyobaki. Yenye maziwa. Kuimwaga ni dhambi."

Mkamwana akarudi anajifuta mdomo. "Na mimi, baba, nisamehe. Maji ya kuoshea samaki. Kwetu mama alikuwa anamwagia mboga, zinanenepa. Nilifanya Jumatano tu."

"Jumatano ngapi?"

"Zote."

"Mnaona!" Fundi akapiga paja. "Mnaona! Mti wa mwenzenu mmeugeuza jalala! Mama akija mtamwambia nini? Mimi nimeachiwa kazi ya kikombe kimoja cha maji, nyinyi mnanipikia supu humu!"

Akasema sana. Lakini kadiri alivyosema, ndivyo alivyokwepa kuutazama mti. Kuna jambo lake hakulisema.

Wiki ya pili baada ya mama kuondoka, Fundi aliona majani yameshika vumbi. Akafuta kwa maji kama alivyoagizwa. Yakang'aa kidogo. Sasa, mwambie fundi viatu neno "kidogo." Mkono ukamwasha. Akachukua maziwa, akapaka. Yakang'aa zaidi. Mwisho akachota samli jikoni, akachukua brashi yake ya kung'arishia, ile ya manyoya ya farasi, akaupiga mti jani kwa jani, kulia kushoto, kulia kushoto, akitema mate kidogo pale panapogoma. Lo! Ulimeremeta kama kiatu cha bwana harusi. Akawa anaupiga kila Jumamosi, watu wakienda sokoni. Na samli ile ikashika vumbi, ikachacha, ikaziba majani pumzi, ikawa zulia la wadudu kutembelea. Alijua. Tangu lile tone lilipomgonga upara alijua. Akaendelea kuwagombeza.

Jumamosi wakautoa mti kwenye chungu, nje kwenye kibaraza cha nyuma. Fundi alifunga kitambaa puani, Kijiko akashika shina, wakavuta. Ukatoka kwa mlio, kama buti linalovutwa kwenye tope. Harufu iliyofuata ilifungua madirisha ya majirani, halafu ikayafunga. Udongo ulikuwa uji mweusi. Machicha yameota ukungu wa kijani, magamba ya samaki yanameta katikati, na funza, wanene, weupe, wamelala wameridhika kama watu walioshinda rufaa. Mizizi imekuwa myeusi, ukiigusa inachubuka ngozi.

"Toa wale funza," akasema Fundi.

"Nitoe kwa nini?"

"Kwa mkono, kwa nini!"

"Shemeji, mimi ni mgeni humu ndani."

Akawatoa mwenyewe. Mkono ulizama mpaka kiwiko, kitu kikateleza katikati ya vidole, na yule mzee wa soksi zilizoganda akageuka ukutani, akatapika kama mjamzito. Akanawa, akarudi, akatapika tena. Wakatia udongo mpya. Na walipokuwa wanaurudisha mti chunguni, shina likatikisika, na kwenye sakafu ikasikika: tap. Tap, tap. Tap.

Matunda. Manane yalikuwa chini, mabichi, yamejaa unato. Mtini likabaki moja, limejificha nyuma ya jani.

Mkamwana akaanza kulia. Kijiko akaokota matunda, akayapangusa kwenye shati lake, akasema taratibu: "Shemeji. Gundi si unayo?"

Na hapo ndipo ulipo ubaya wa kuwa na fundi ndani ya nyumba. Mtu mwingine angecheka, akaachana nayo. Fundi akaleta kopo la gundi ya viatu na njiti ya kiberiti. Akakaa kwenye stuli, miwani puani, mkono mwingine umeziba pua, akayabandika yote manane. Tone, shikilia, hesabu mpaka thelathini. Mkono wake haukutetemeka hata mara moja, na hilo lilimchukiza kuliko funza.

Jumapili saa sita mama akaingia. Begi hajalitua, akasimama katikati ya sebule, pua juu.

"Mbona nyumba inanuka gundi?"

"Karibu, dada! Mapacha hawajambo?" Kijiko akaruka.

"Hawajambo. Fundi, ulistaafu kazi. Gundi ya nini?"

Miaka thelathini na nane amelala ubavuni mwa harufu ile, utamwambia nini? Mama akaenda kwenye mti. Akageuza jani, vidudu vikamtazama. Akapitisha kidole juu ya jani lingine, akakitazama kidole kinavyomeremeta kwa mafuta. Halafu akabana kitu kwa kucha mbili, akakivuta kutoka kwenye ule unato, akakiinua dirishani. Unywele wa farasi, mweusi, mnene.

Akashika tunda la kwanza. Likaja, na uzi wa gundi nyuma yake kama kamasi. Akashika la pili, likaja. La tatu. La nne. Kila moja akaliweka mezani, katika mstari, vile vidole vilivyopinda vikifanya kazi ileile ya ghalani: mbovu, mbovu, mbovu.

Mkamwana akasema, "Mama, ni mimi, maji ya samaki…"

"Na mimi, dada, chai…"

"Nyamazeni," akasema Fundi, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu anayetoka majini. "Wao walimwaga tu. Mimi niliupaka samli. Kwa brashi. Kila Jumamosi. Nikawagombeza wenzangu siku mbili nzima nikijua. Na hayo nimeyabandika mimi. Najichukia mpaka mate yananiwia machungu, mke wangu."

Mama hakumtazama. La nane likaja. Akashika la tisa, akavuta. Halikuja. Akavuta tena, kidogo tu, tawi zima likainama nalo, likagoma. Akaachia haraka kama limemchoma.

"Hili?"

"Hilo sijaligusa," akasema Fundi. "Hilo ni la Mungu."

Mama akalifunika tunda kwa jani lake. Halafu akasema, "Nileteeni kisu. Na beseni la maji ya sabuni. Na nguo zenu za kazi."

Kule ghalani, wakulima walioleta magunia walikuwa wakimwambia: mti wa kahawa ukichoka, ukate, utachipua. Akakata matawi yaliyooza, moja moja, akakwangua shina kwa ncha ya kisu. Chini ya gamba palikuwa na kijani, chembamba kama uzi. Tawi la lile tunda moja akaliacha. Majani yaliyobaki akaamuru yaoshwe, juu na chini, kwa kitambaa na vidole. Brashi aliichukua yeye, akaitupa jaa la nje kwa mkono wake mwenyewe.

Wakaosha. Alasiri nzima. Kijiko alikuwa anashika kidudu anafumba macho. Mkamwana alipaka limau chini ya pua. Fundi alipewa upande wenye vigamba, akavikwangua kwa kucha mpaka maji ya beseni yakawa rangi ya chungwa, kizunguzungu kikija na kuondoka, na mara tatu alisimama dirishani akavuta hewa kama samaki. Hakulalamika. Mama alikaa nyuma yao, akionyesha kwa kidole: pale. Na pale. Umeruka.

Mto wa kochi wakauchoma.

Jua lilikuwa linashuka walipomaliza. Wakanawa mara moja, wakanusa mikono, wakanawa tena. Fundi alinawa mara tano, na kucha zake zikabaki na ile rangi ya chungwa. Mkamwana akaandaa wali na maharage. Samaki hakuthubutu.

Fundi akasimama mlangoni mwa sebule, hajui kama ana kiti. Mama akasukuma stuli kwa mguu, ileile iliyokuwa chini ya mti.

"Kaa," akasema. "Na kesho utaupa kikombe kimoja. Cha nini?"

"Cha maji."

"Cha maji tu?"

"Tu, mke wangu."

"Dada," akaanza Kijiko, "nilikuwa nafikiri, maganda ya mayai…"

Wote watatu wakamgeukia. Akafunga mdomo, akavuta sahani. Fundi akakaa, akatazama mkono wake, akatazama wali. Halafu mkamwana naye akakaa, mama akapakua, wakala.